Sarafu Isiyoshikika na Kamari ya Watoto

Kamari haibadiliki asili yake kwa kubadilishiwa sarafu, na mtoto atoaye fedha ya mzazi wake kununua kitu asichokijua mpaka kifunguliwe amekwisha kuweka dau, ijapokuwa mbele yake hapana meza wala karata, ila simu tu.

Tazameni, enyi waungwana, mchezo wa kandanda wa kampuni ya Electronic Arts, uliokuwa ukiitwa FIFA hadi mwaka 2023. Mchezaji hununua pointi kwa fedha halali, na kwa pointi hizo hununua pakiti ya wachezaji ambao huamuliwa kwa bahati nasibu. Akijaliwa kumpata wa sifa, hutangulia bendera ya nchi, ikafuata nafasi yake uwanjani, kisha nembo ya klabu, na moyo wa kijana unadunda. Lakini aghalabu huambulia wachezaji hafifu, na papo hapo mkono hurudi kununua nyingine. Wala hahisi uchungu wa anachokitoa, kwa kuwa ahesabuye pointi hahesabu shilingi, na hiyo ndiyo hadaa yenyewe.

Wabelgiji walilitambua jambo hili. Sheria yao ya mwaka 1999 huuhesabu kuwa kamari mchezo wa dau la namna yoyote, wenye bahati ndani yake, uletao hasara ya dau hilo au faida ya namna yoyote, pasipo kushurutisha faida iwe fedha taslimu. Ndipo mwaka 2018 Tume yao ya kamari ikahukumu kwamba pakiti hizo ni haramu kisheria, na Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi zake nchini humo. Uholanzi nako kampuni hiyo ilitozwa faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 Baraza la Dola, mahakama ya juu ya utawala ya nchi hiyo, likaitangua, likisema kwamba pakiti si mchezo wa peke yake, bali ni sehemu ya mchezo mkubwa wa ustadi. Hoja hiyo siikubali hata kidogo: ni ustadi gani umtakao mtu kubonyeza kitufe na kungoja?

Vijana wetu wa Mombasa na Dar es Salaam nao hucheza kandanda hiyo. Basi nawasihi wabunge wetu waitazame fedha anayoitoa mchezaji kabla ya kuuliza anapata nini, wapige marufuku kuwauzia pakiti za bahati nasibu walio chini ya miaka 18, na washurutishe kila bei iandikwe kwa shilingi. Nanyi wazazi, msiungoje muswada: namba ya siri ya fedha za simuni asiijue mtoto.