Kuchemsha Maziwa Hakuondoi Sumu Yote

Mkulima mwenzangu, ukiambiwa kwamba maziwa yako yana vijidudu, huenda ukajibu, "Si neno, tutayachemsha." Jibu hilo ni nusu ya kweli. Kwa ile nusu nyingine, watoto wako na wa jirani wanaweza kuugua.

Kuna kijidudu kiitwacho stafilokokasi. Hukaa katika kiwele kigonjwa, na pia katika majipu na vidonda vya mikono ya mkamuaji. Maziwa yakikaa na joto kwa saa nyingi, kijidudu hiki huzaana na kutoa sumu. Ukichemsha, kijidudu hufa, lakini sumu hubaki. Anywaye maziwa hayo huanza kutapika na kuumwa na tumbo baada ya saa chache.

Tazama yaliyotokea Japani mwaka 2000. Umeme ulikatika katika kiwanda kimoja kisiwani Hokkaido, maziwa yakabaki na joto. Baadaye yalipashwa moto, vijidudu vikafa, yakafanywa unga. Unga huo ulipotiwa katika maziwa ya kuuzwa, watu zaidi ya 13,000 waliugua.

Vipimo vya kituoni kwetu huonyesha maziwa yaliyotiwa maji au yaliyoanza kuchacha. Sumu hii havioni, wala ulimi hauionji. Hata kuotesha vijidudu katika maabara hakutoshi, kwa kuwa vilivyokufa havioti. Lazima sumu yenyewe itafutwe. Wataalamu hutia maziwa katika kijishimo kilichopakwa kitu cha kuinasa sumu hiyo tu, kisha huongeza dawa. Rangi ikigeuka, sumu imo.

Wako wasemao kwamba hiyo ni kupoteza fedha. Mimi sikubali. Yafaa kila chama cha ushirika cha maziwa kitenge fedha kidogo, kipeleke maziwa maabara mara kwa mara. Na wewe ukiambiwa maziwa yako ni mabaya, usikasirike, wala usiyauze kwa siri. Yamwage.

Lakini maabara kazi yake ni kugundua. Kuzuia ni kazi yako. Nawa mikono kwa sabuni. Mwenye jipu mkononi asikamue. Maziwa ya kiwele kigonjwa usiyachanganye na mazuri. Na umalizapo kukamua, weka mkebe katika maji baridi mara moja, kisha uyapeleke kituoni bila kukawia.