Saa nne au saa kumi?

Kwa wiki mbili hapa nyumbani kwetu Kingsbury tulikuwa na saa ya mkononi ambayo haikutakiwa kuaminiwa. Ni saa ya mazingaombwe. Kwa kuitazama huwezi kuishuku: uso mweupe, namba nyeusi, mkanda wa ngozi, mishale miwili na ule mwembamba wa sekunde unaokwenda zake. Mwenyewe ni mtoto wa dada yangu mkubwa, yuko chuo mwaka wa pili, na Jumamosi hufanya mazingaombwe kwenye sherehe za watoto ili apate nauli. Siku hizi ameanza kuitwa na watu wetu pia, kwenye harusi na hafla za Idi, na huko kuna jambo limekuwa likimtatiza. Akaniachia saa yake. "Mamdogo," akaniambia, "ijaribu kwa watu wa Kiswahili, halafu uniambie wanaona nini."

Wasomaji wa siku nyingi mmezoea niwaandikie kuhusu chanjo, presha na namna ya kuongea na daktari mwenye dakika kumi tu. Mwezi huu naomba ruhusa ya kucheza kidogo. Mkinivumilia mtaona tunaishia wodini.

Mchezo wenyewe ni hivi. Anayecheza anavua saa, anakuonyesha, anailaza kifudifudi kwenye kiganja chako, nawe unafumba mkono. Anakuambia utaje saa yoyote uipendayo: uliyozaliwa, uliyoolewa, yoyote. Ukishataja, unafumbua na kuigeuza. Mishale imesimama pale pale ulipotaja. Basi. Hakuna sungura, hakuna kitambaa, na labda ndiyo maana watu wanakosa usingizi.

Inavyofanyika ninajua, kwa sababu nilifundishwa na nikaapishwa. Ninaloweza kusema si siri ya mtu: saa ya betri ina kipande kidogo cha jiwe la kwatsi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na saketi inayohesabu mitetemo hiyo ndiyo inayosukuma mishale. Mishale haijui jua wala mwezi. Inakwenda inakopelekwa.

Kuhusu siri, wenzetu hawa hawana mzaha. Hapa London kuna chama chao kikubwa, The Magic Circle, kilichoanzishwa 1905, na anayetoboa siri hutolewa. Mfalme Charles aliingia 1975, enzi hizo akiwa mwanamfalme, baada ya kufanya mchezo wa vikombe na vipira mbele ya watahini. Wanawake hawakukubaliwa mpaka 1991. Mwaka huo huo mwanamke aitwaye Sophie Lloyd, ambaye alikuwa amefanya mtihani na kupita akijifanya kijana wa kiume jina lake Raymond, alijitokeza akasema ukweli. Wakamfukuza kwa udanganyifu. Chama cha watu ambao kudanganya ndiyo fani yao! Ilipofika 2025 wakamrudishia uanachama. Mimi huyu mama namheshimu.

Turudi mezani. Nilianza na wanangu. Wa kiume, ana miaka kumi na moja, alitaja saa kwa Kiingereza, akafumbua mkono, akazunguka sebule mbio akipiga kelele. Nikajiona fundi. Wa kike, mwenye miaka minane, akataja 10:47, kama anavyoiona kwenye simu. Alipofumbua akanyamaza. Nilidhani ameduwaa, kumbe anahesabu tano tano kwa kidole. Shuleni wanafundishwa saa ya mishale tangu mwaka wa kwanza, lakini nyumbani ataionea wapi? Oveni ni tarakimu, simu ni tarakimu, hata kituo cha basi 183 ni tarakimu. Akamaliza kuhesabu, akasema, "Ehe, ni kweli," kwa sauti ya karani wa benki. Mazingaombwe yanataka mtu ashtuke papo kwa papo.

Kisha zamu ya mama mkwe wangu.

Mama yuko nasi tangu mwisho wa Machi kwa viza ya matembezi, ambayo haizidi miezi sita. Ni mtu wa Pangani. Alifika wiki ile ile ambayo saa za Uingereza zilisogezwa mbele, na tulipomweleza kwamba kila Jumapili ya mwisho ya Machi nchi nzima inaruka saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba inairudisha, alituangalia mmoja mmoja. "Na wote mnakubali?" Kwa hiyo saa ya mazingaombwe haikumtisha. Aliuliza jambo moja tu: huyu kijana kasomea wapi, maana kuna mchezo na kuna uchawi. Nilipomhakikishia kwamba ni kiini macho na mikono myepesi, akakunjua kiganja.

"Saa nne na robo," akasema. "Ndiyo saa niliyomzaa mumeo."

Akafumbua. "Lahaula! Saa nne na robo kweli!"

Binti yangu akachungulia. "Bibi, si kweli. Hiyo ni kumi na robo. Mama, imekosea."

"Kumi ipi, mjukuu wangu? Baba yako kazaliwa asubuhi. Saa kumi ni alasiri, saa kumi nilishamnyonyesha mara tatu."

"Lakini mshale uko kwenye kumi, Bibi!"

"Ndiyo. Saa nne."

Saa ni moja, mishale ni ile ile, na mbele yangu watu wawili wanaoisoma, wote wana haki, na kila mmoja anamwona mwenzake hajui kusoma saa.

Hilo ndilo lililokuwa likimtatiza yule kijana. Amezaliwa hapa. Kiswahili chake ni cha salamu, chakula na kuagizwa dukani. Kwenye hafla moja mama mmoja alitaja saa tatu, naye akamletea mshale kwenye 3. Meza nzima ya akina mama ikaguna: "Aaa, saa tisa hiyo!" Meza ya pili, watoto wao wa kuwazaa, wakapiga makofi. Kijana akasimama katikati na tabasamu lake.

Kwetu hakuna aliyewahi kutukalisha kitako kutufundisha kwa nini saa ya kwanza ya mchana ni moja. Hakukuwa na haja. Karibu na ikweta jua linachomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo unaanza kuhesabu kunapokucha, na kunapokuchwa unaanza tena. Waganda wanahesabu hivyo hivyo kwa Kiganda, na Waethiopia pia. Sasa ilete hesabu hiyo London. Katikati ya Juni jua linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na magharibi inaingia saa tatu na dakika ishirini hivi usiku. Mama mkwe aliniuliza kama jua la huku limesahau njia ya kurudi nyumbani. Disemba hatutakuwa naye, lakini nimemweleza: saa moja asubuhi bado giza, na kabla ya saa kumi jioni jua lishazama. Huku saa yetu haina jua la kuegemea. Imebaki kwenye ndimi zetu tu, na mwanangu wa miaka minane akiacha kuisema, nyumbani kwangu imekwisha.

Niliipeleka pia dukani. Kwenye barabara ya Kingsbury kuna duka ninalonunua muhogo, ambao wenye maduka Wagujarati wanauandika mogo, neno walilokuja nalo kutoka Afrika Mashariki. Mzee mwenye duka aliondoka Kampala 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka. Nikamwekea saa kiganjani. Hakufikiri: "Saa mbili." Akafumbua, mshale mfupi uko kwenye 8, akacheka mpaka akavua miwani. Saa mbili ndiyo saa ambayo baba yake alikuwa akifungua duka. Huyu mzee mahesabu yake anapiga kwa Kigujarati, na serikali anaongea nayo kwa Kiingereza, lakini duka, mpaka leo, linafunguliwa saa mbili. Akaniongezea mihogo miwili juu ya mizani.

Niliahidi wodini.

Mimi kazini sivai saa ya mkononi. Tangu 2008 kwenye hospitali za NHS hapa England, anayehudumia mgonjwa huwa mikono mitupu kuanzia kiwiko kushuka, ili anawe vizuri. Saa yangu naibandika kifuani, imening'inia juu chini, ina mshale wa sekunde wa kuhesabia mapigo ya moyo. Chati za dawa tunaziandika kwa saa ishirini na nne, 08:00, 20:00, pasiwe na ubishi wa asubuhi na usiku. Ubishi unaanza karatasi ikifika nyumbani.

Kuna bibi mmoja, nimebadilisha mambo madogo asitambulike, aliyeandikiwa kidonge mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kwenye karatasi ya Kiingereza zilikuwa nane na nane. Mjukuu, mtoto mwema kabisa, akamtafsiria alichokiona: "Bibi, saa nane na saa nane." Bibi akatii. Kwa miezi mitatu alikuwa akiweka simu imwamshe saa nane ya usiku wa manane, anameza kidonge, halafu usingizi haurudi. Kati ya kidonge na kidonge zilibaki saa kumi na mbili zile zile, kwa hiyo presha ilitulia vizuri na hakuna aliyehisi kitu. Ila mchana alikuwa anasinzia kitini, na alikuwa karibu kuandikiwa dawa ya usingizi. Nilimuuliza kwa Kiswahili, "Mama, ukimeza dawa unakuwa unafanya nini?" Akasema, "Ya mchana nikishaswali adhuhuri. Ya usiku naamka tu, mwanangu, nifanye nini."

Huyo alisalimika kwa sababu nane na nane zimeachana sawasawa. Insulini inayokwenda na chakula haina huruma hiyo. Dawa za Parkinson ndiyo kabisa: zikichelewa hata nusu saa, mtu anaweza kushindwa kujigeuza kitandani, sembuse saa sita. Na miadi ya kliniki ya saa tatu asubuhi, ikitafsiriwa kuwa saa tisa, ni mzee anayefika amevaa vizuri wakati wanafunga mlango.

Kwa hiyo mkiwaandikia wazee wenu dawa, msiandike saa peke yake. Andikeni 08:00, na chini yake "saa mbili asubuhi, pamoja na chai". Tukio halina lugha mbili. Kliniki ombeni mkalimani, hamtalipa hata senti, na msimtwishe mtoto mdogo kazi hiyo hata kama Kiingereza chake kinawatia fahari. Na badala ya kumuuliza mzee kama ameelewa, maana atasema ndiyo, mwambieni awaeleze siku yake tangu anapoamka.

Nyumbani kwetu ubishi wa saa nne na kumi ulimalizwa na mama mkwe, si na mimi mwenye digrii. Jioni ile ile alichukua saa, akamwita binti yangu, akamwambia asitazame kichwa cha mshale mfupi, atazame mkia. Saa ile ina mshale wenye kijikia upande wa pili wa kitovu. Kichwa kikiwa kwenye 10, mkia unaelekea 4. Kichwa kwenye 8, mkia kwenye 2. Kichwa kwenye 3, mkia kwenye 9. Miaka yote nimesoma saa na sikuwahi kuutazama huo mkia. Binti yangu alileta rula akahakikisha namba zote kumi na mbili, kisha akaenda kuipima saa ya ukutani ya jirani.

Kijana alikuja Jumapili kuchukua mali yake. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mume wangu, leo unanidanganya nini?" Nilimweleza habari ya mkia. Alitulia, nikaona midomo inahesabu. Sasa mpango wake ni kusikiliza tu mtu ametaja kwa lugha gani: Kiingereza anakipa kichwa, Kiswahili anakipa mkia. Alijaribu hapo hapo. Mama akasema saa sita na nusu, akafumba kiganja, na alipofumbua binti yangu alikuwa wa kwanza kusoma: "Sita na nusu, Bibi! Na kwa Kiingereza kumi na mbili na nusu."

Ndege ya Mama ni Septemba, inaondoka usiku. Kwenye kalenda ya jikoni binti yangu ameandika 22:00 kwa kalamu ya bluu, na chini yake, kwa nyekundu, saa nne.