KINSHASA AO BUKAVU: TUSOMEE WAPI UDAKTARI?



Kila mwaka, mtihani wa Leta ukikaribia, maneno ni yale yale katika darasa la sita biokimia. Wanaotaka kuwa waganga wanajigawa makundi mawili. Wamoja wanasema: «Kinshasa tu!» Wengine wanajibu: «Sisi ni watu wa Kivu, tena Waprotestanti, chuo chetu ni UEA ya Bukavu.» Sisi tunaona kwamba wote wawili wanachagua jina. Kazi yenyewe hawajaifikiri.

Kinshasa iko na heshima yake, hatukatai. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kinshasa. Profesa Muyembe alisomea pale, yeye aliyekwenda Yambuku mwaka 1976 kuchukua damu ya wagonjwa wa Ebola, wakati ugonjwa ule haukuwa bado na jina. Maabara kubwa ya taifa, INRB, iko katika mji huo. Mwenye kupenda kazi ya kutafuta magonjwa katika maabara, njia yake ni ile.

UEA ni chuo cha makanisa, kilianza mwaka 1991. Wanafunzi wake wanafanya stazi katika hospitali ya Panzi, ambayo munganga Mukwege aliianzisha mwaka 1999. Pale wanafika wamama wa vijiji vyetu wenye fistula, uzazi mgumu na vidonda vya vita. Mwanafunzi wa kwetu anawauliza «Inauma wapi?» katika luga wanayosikia. Kule Kinshasa atajifunza Lingala kwanza.

Tuseme pia juu ya feza. Kwa kawaida minervali ya chuo cha Leta ni kidogo kuliko ya chuo cha kanisa, na wazazi wanafurahi. Lakini wahesabu pia ndege, nyumba ya kupanga na chakula cha miaka 6 ao 7. Vita ilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025, banki zilifunga milango. Mtoto aliye mbali alikula nini mwezi ule? Aliyekuwa Bukavu aliogopa, ndiyo, lakini alikuwa karibu na wazazi wake.

Tena tusisahau jambo moja: Mukwege, mwenye Nobel ya 2018, hakusomea udaktari Kinshasa wala Bukavu. Alisomea Burundi, akafanya kazi Lemera mlimani, akaona wamama wanakufa katika kuzaa. Ndipo alipokwenda Angers, Ufaransa, kujifunza kazi ya uzazi. Kisha akarudi Lemera.

Basi maoni yetu ni haya. Kabla ya kujaza karatasi, kila mmoja ajiulize: Ninataka kutunza wagonjwa gani? Nitafanya stazi katika hospitali gani, na mikono yangu itagusa nini pale? Wazazi wataweza kulipa mpaka mwaka wa mwisho? Anayeacha katikati si munganga, hata kama chuo chake kina jina kubwa.

Kwa wengi wetu, maswali haya matatu yanajibu Bukavu. Si kwa sababu ya dini, ni kwa sababu ya wagonjwa na ya mfuko. Kwa wachache yatajibu Kinshasa, nao waende bila kuchekwa. Wote tunawaomba neno moja: mkimaliza, mrudi. Mama anayeshikwa na uchungu usiku, mbali na barabara, hataomba kuona diploma.

Wanafunzi wa darasa la sita, biokimia