Dhoruba Haikimbiwi

Mwandishi aliyewashauri wanaonunua mashua ya tanga kwa safari za familia wachague ya mbio, kwa kuwa eti chombo chepesi huiacha dhoruba nyuma, ametoa ushauri wa hatari.

Dhoruba kubwa huenda kwa kasi kuliko karibu mashua yoyote ya tanga. Agosti 1979 mashua 303 zilianza mbio za Fastnet kutoka Uingereza kuelekea Ireland. Dhoruba ikazikuta baharini, na washindani 15 wakafa. Wengi wa walioshiriki walikuwa mabaharia wazoefu, wenye watu wa kupokezana zamu. Mume na mke wenye watoto wawili watapokezana na nani saa nane za usiku?

Namkubalia jambo moja: mashua nzito yenye mkuku mfupi haipandi joshi vizuri, na upepo ukiisukuma ufukweni, udhaifu huo unaweza kuua. Lakini dawa yake ni mkuku mzuri na matanga mazima. Kuondoa vitanda, jiko na tangi la maji ili kupunguza uzito hakumsaidii mtu.

Uchovu ndio anaousahau kabisa. Asiyelala wala kula chakula cha moto hukosea hesabu, huchelewa kupunguza tanga. Na kasi peke yake haimfikishi mtu: mwaka 1968 watu tisa walianza kuizunguka dunia peke yao bila kutia nanga bandarini. Aliyemaliza ni Robin Knox-Johnston tu, ndani ya Suhaili, mashua nzito ya msaji yenye futi 32, iliyoundwa India. Alichukua siku 312. Wapo waliomzidi kasi. Hakuna hata mmoja wao aliyemaliza.