MAMBO YA SHAMBA: Vumbi Chini ya Gunia

Mkulima akikuta vumbi jeupe chini ya gunia la mahindi, asikimbilie dukani kununua dawa kabla hajajua ni nani aliye chakula chake. Wadudu wa ghalani si wa namna moja, na dawa imwuayo mmoja huenda isimdhuru mwenziwe.

Kuwatambua si kazi kubwa. Mahindi kidogo yachekechwe juu ya karatasi nyeupe, kisha wadudu waangukao watazamwe penye mwanga. Mwenye pua ndefu, mfano wa mkonga wa tembo, ndiye fukusi. Jike lake hutoboa punje, hutaga yai moja, kisha huliziba tundu hata lisionekane. Buu hukulia humo ndani, na penye joto mdudu kamili hutoka baada ya majuma matano hivi. Ndiyo sababu mahindi huweza kuonekana safi siku ya kutiwa ghalani, na baada ya miezi michache yakawa matundu matupu. Aghalabu jirani hulaumiwa kwa uchawi, hali mayai yalitoka shambani pamoja na mahindi, maana fukusi huruka.

Wa pili ni dumuzi. Huyu hana pua; mwili wake ni wa mviringo kama kipande cha kijiti, na kichwa kimeinama chini hata mtu amtazamaye kwa juu hakioni. Alama yake ni unga mwingi kupita kiasi. Hula mihogo mikavu pia, na hutoboa hata miti ya ghala. Yeye ni mgeni, asili yake ni Amerika ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alionekana Tabora, na mwaka 1983 akaingia Kenya kwa upande wa Taveta. Mwaka 1992 wataalamu waliachilia katika Kenya mdudu mwingine amlaye dumuzi, naye amesaidia mahali kadha wa kadha, lakini si wa kutegemewa kulinda gunia la mtu.

Hofu ya dumuzi nayo ni hasara. Watu wengi huuza mahindi yao mara tu baada ya mavuno, bei ikiwa chini, kisha hununua mahindi ya wengine kabla ya mavuno mengine, bei ikiwa juu. Karani aliye mjini atumaye nyumbani fedha za kununua chakula kilichouzwa kwa hofu hiyo, kwa kweli anamlipa mdudu kodi.

Basi kwanza mahindi yakaushwe. Yatiwe punje kidogo katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, chupa ifunikwe, itikiswe, kisha iachwe itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi hayajakauka, na yarudishwe juani juu ya turubai. Kisha yapukuchuliwe, kwa maana dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyo bado kwenye magunzi. Masalio ya mwaka jana yaondolewe, ghala lifagiliwe, na mti wenye matundu utolewe ukachomwe.

Kwa habari ya dawa, pirimifosi humwua fukusi vizuri lakini humlegea dumuzi. Perimethrini humwua dumuzi lakini haimtoshi fukusi. Vumbi lifaalo ni lile lenye zote mbili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Dawa ya kahawa au ya kuogeshea ng'ombe isitiwe katika chakula kamwe, hata kama imebaki bure nyumbani.

Asiyetaka dawa anao mfuko usiopitisha hewa, wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia moja. Mahindi makavu hujazwa, hewa hukamuliwa, na kila mfuko hufungwa peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo huimaliza hewa wao wenyewe, kisha hufa. Afunguaye kila siku kuchota ya chakula cha jioni huwapelekea pumzi. Yafaa awe na gunia jingine dogo la matumizi. Panya naye azuiwe, kwani tundu moja huharibu kazi yote.

Maharagwe yana mdudu wake, ambaye hutaga mayai ovyo kati ya punje. Buu lake jipya huhitaji muda mrefu kutoboa ngozi ngumu ya haragwe, tena huegemea punje ya jirani lipate nguvu. Gunia lisijazwe hata kubana, nalo libingirishwe asubuhi na jioni. Punje zikihama, buu hupoteza tundu lililoanza na hufa kabla halijaingia. Kazi hii haina gharama, na watoto huifanya kwa furaha wakirudi shuleni.