Baraza la Vijana: Redio ya Kusikilizia, Si ya Kusemea



Barua ya mwezi huu imetoka mbali. Kijana mmoja aliyehamia na wazazi wake katika jimbo la Maine, Marekani, ambako familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimefanya makazi, atuambia kwamba amenunua redio ndogo ya mkononi, Baofeng UV-5R, kwa bei isiyozidi dola 30. Ataka kuwasikiliza wazima moto na magari ya wagonjwa wa wilaya yake, ili siku umeme na simu zikikatika mama yake na wadogo zake wasikae gizani bila habari. Lakini baba yake amekataa. Asema hicho ni chombo cha askari, na kusikiliza maneno ya watu ni kupeleleza. Kijana atuuliza: nani kati yetu mwenye haki?

Twamjibu kwamba wote wawili wana haki, kila mmoja kwa upande wake.

Haja ya kijana ni ya kweli. Mnamo Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha miti na nyaya katika jimbo hilo hilo, na zaidi ya nusu ya wakazi wake wakakosa umeme, wengine kwa muda wa wiki mbili, katikati ya baridi kali. Siku kama hizo redio yenye betri si mchezo wa watoto.

Na hofu ya baba pia si bure, kwa kuwa redio hii ina masikio na ina mdomo. Kwa sheria ya taifa la Marekani, kusikiliza mazungumzo ya wazi ya wazima moto si kosa. Bali kubonyeza kitufe na kusema katika masafa yao bila leseni ni kosa kubwa. Neno moja la mtoto achezaye laweza kuzima sauti ya mtu aliyemo ndani ya nyumba iwakayo. Basi fundisha redio kunyamaza kabla ya kuifundisha kusikia.

Njia ni hii. Tafuta waya wa kuiunganisha na kompyuta, na programu iitwayo CHIRP, ambayo hutolewa bure. Kwanza soma yaliyomo ndani ya redio na uweke nakala, ili ukikosea uweze kurudi ulikotoka. Kisha jaza masafa, kila moja katika mstari wake. Anza na yale saba ya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550, yakipishana kwa kilohezi 25. Lile la karibu nawe litasikika, nalo hutangaza usiku na mchana, likionya juu ya tufani, theluji na mafuriko. Hayo yametangazwa kwa watu wote, wala hakuna siri ya mtu ndani yake.

Baada ya hayo andika masafa ya wazima moto wa wilaya yako, ambayo hupatikana katika daftari la leseni la serikali, lililo wazi kwa kila mtu. Chagua mkondo mwembamba, NFM, kwani tangu tarehe 1 Januari 2013 vikosi hivyo vililazimishwa kutumia upana wa kilohezi 12.5; ukichagua mpana sauti itakuwa hafifu. Mwisho, katika safu ya Duplex, chagua Off kwa kila mstari. Hapo kitufe cha kusemea hakitafanya kazi. Lakini angalia: kinga hii imo katika chaneli ulizohifadhi tu. Ukiiweka redio katika hali ya kuandika masafa kwa vidole, mdomo wake hufunguka tena.

Usishangae ukikosa kuwasikia polisi. Wengi wao wamehamia mitambo ya kidijiti, na wengine hufunga maneno yao kwa siri. Redio hii haiyafasiri. Mlango uliofungwa usiuvunje.

Sasa tuje kwenye adabu, maana hapa ndipo baba alipotia mkono wake. Dini yetu imekataza kupeleleza aibu za watu. Katika masafa ya magari ya wagonjwa hutajwa nyumba, umri na ugonjwa wa mtu. Huenda ukamsikia jirani yako ameanguka. Hayo ni amana: yasitoke sebuleni, yasipelekwe kwenye kundi la simu, wala usikimbilie mahali pa tukio kutazama. Hata Sheria ya Mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1934 imekataza kunasa maneno yasiyokusudiwa kwako kisha kuyatangaza. Wala kusikiliza si kuita msaada: moto ukiuona, piga 911.

Wasomaji wa majimbo mengine waulize kwanza. Florida, New York na Minnesota huzuia kuwa na chombo cha namna hii ndani ya gari bila leseni au ruhusa. Nasi tulioko Kenya na Tanzania tujue kwamba kwetu redio hizi hutawaliwa na leseni. Asinunue mtu kabla ya kuuliza mamlaka ya mawasiliano.

Ewe kijana, ipeleke redio kwa baba yako, umwonyeshe kwamba kitufe hakisemi. Umwombe ikae mezani mwake, mkae mkiisikiliza pamoja siku za dhoruba, na anga ikitulia aizime yeye. Twatumaini hatakataa.