Mto Kwanza, Chelezo Baadaye

Katika kisiwa cha Jamaika wageni husafiri juu ya vyelezo vya mianzi katika mto Rio Grande. Zamani vyelezo hivyo vilichukua ndizi za wakulima hadi pwani. Leo huchukua watalii. Je, sisi wa Dodoma hatuwezi kufanya vivyo hivyo?

Jibu la fizikia ni jepesi. Kila pingili ya mwanzi ni chumba cha hewa kilichozibwa kwa fundo pande zote mbili. Pingili moja ikipasuka, nyingine huendelea kuelea. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili kwa mizani na ndoo ya maji.

Jibu la jiografia ni gumu. Rio Grande hushuka kutoka milima yenye misitu na mvua nyingi. Dodoma hupata kiasi cha milimita 570 tu kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mito kama Bubu na Kinyasungwe hubaki mchanga mtupu kiangazi. Hata Ruaha Mkuu, uingiao bwawa la Mtera, tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, hasa kwa wingi wa maji yanayochepushwa kwa umwagiliaji huko Usangu.

Kwa hiyo atakaye chelezo hana budi kuanza na mto: vyanzo vilindwe, maji yapimwe, na yagawanywe kwa haki. Mto usiotiririka haumbebi mgeni, wala hauzungushi mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Walimu, wapelekeni vijana mtoni wakapime kina chake kila juma. Elimu hiyo yatangulia utalii.